Mabuu wa drosofila: tofauti ya mwendo iko hata kwenye aga tupu. Bado naweza kusema ni jeni ya foraging?

Bundo aliuliza:

Habari za jukwaa wakuu. Naomba msaada wa kusoma matokeo kabla sijaenda mbali.

Nina koo mbili za nzi wa matunda (drosofila), namaanisha wale wadogo wenye macho mekundu wa kwenye ndizi mbivu, si wale wanaotoboa maembe shambani. Kila ukoo umeanzishwa na jike mmoja aliyenaswa, na unafugwa kwa nyuzi 25. Napima urefu wa njia anayotambaa buu wa hatua ya tatu kwa dakika 5, kwenye sahani yenye uji wa hamira na kwenye sahani ya aga tupu (jeli ya mwani isiyo na chakula).

Juu ya hamira, ukoo A unatambaa karibu mara mbili ya ukoo B. Ndivyo wanavyoelezwa wazururaji na wakaaji wa foraging, jeni inayohusishwa na umbali buu anaotambaa akiwa kwenye chakula. Tatizo ni kwamba kwenye aga tupu pia A anamshinda B, kwa karibu theluthi moja. Nimepima mabuu 40 kwa kila ukoo, chupa moja kwa kila ukoo.

Je, hii bado ni foraging? Kama si yenyewe tu, nawezaje kutenganisha mchango wake na wa jeni nyingine?

---

KijitiChaAga alijibu:

Mkuu Bundo, kwa data hizo bado huwezi kusema. Alama ya foraging si kwamba buu mmoja ana kasi kuliko mwenzake. Alama yake ni kwamba tofauti inajitokeza chakula kikiwepo na kupotea kikiondolewa. Marla Sokolowski alipoeleza tabia hizi mwaka 1980 hilo ndilo lililozipa maana: mzururaji na mkaaji wanatambaa sawa pasipo na chakula, ila kwenye hamira mkaaji anatulia na kula, na mzururaji anaendelea kuhama. Kwako kuna kitu kingine kinachogusa mwendo wenyewe, na huenda kimepanda juu ya foraging au kimejifanya foraging.

Kabla ya kulaumu jeni, chunguza kipimo. Mara nyingi kosa liko kwenye umri. Saa za kuanguliwa zikilingana haina maana hatua ya ukuaji imelingana, kwa sababu ukoo mmoja unaweza kuwa nusu siku nyuma ya mwingine. Weka mabuu wachache wa kila ukoo chini ya hadubini, utazame matundu ya hewa ya mbele. Wa hatua ya pili yana umbo la rungu, wa hatua ya tatu yamechanua kama vidole. Pima pia urefu wa mwili. Buu mfupi hupiga hatua fupi, kwa hiyo gawanya urefu wa njia kwa urefu wa mwili uone kama ile theluthi yako ya kwenye aga inabaki. Kosa la upande wa pili ni kuchukua mabuu walioacha kula na kuanza kupanda ukuta wa chupa. Hao wanatafuta pa kugeukia pupa, na wanatambaa mbali hata wakiwa wakaaji.

Kulinganisha umri, fanya hivi. Majike watage kwenye sahani ya aga yenye doa la hamira. Asubuhi ya pili toa mabuu wote walioanguliwa na uwatupe. Subiri saa 3, kisha kusanya wapya tu. Kwa nyuzi 25 wapime kati ya saa 72 na 96 baada ya kuanguliwa. Chagua umri mmoja na usiubadilishe.

Msongamano nao ni muhimu sana. Weka idadi ileile kila chupa, kwa mfano mabuu 30 kwa mililita 10 za chakula. Ukiacha majike watage wanavyotaka, ukoo wenye uzazi mwingi utatoa mabuu wadogo wenye njaa, na buu mzururaji aliyenyimwa chakula hufupisha njia yake. Unaweza kumwandika mkaaji bila yeye kuwa hivyo. Chakula chenyewe kipikwe kwa mizani: lita 1 ya maji, aga gramu 15, sukari gramu 50, hamira kavu gramu 100. Asidi ya propioniki mililita 3 iingie mchanganyiko ukishapoa chini ya nyuzi 65, la sivyo inaruka na mvuke na ukungu utakushinda.

Sasa sahani ya kupimia. Changanya hamira kavu gramu 1 kwa gramu 2 za maji. Sahani ya sentimita 9 ina eneo la karibu sentimita 64 za mraba, kwa hiyo mililita 3 za uji zinakupa unene wa karibu nusu milimita. Ukizidisha, buu anazama na kuchimba, na njia yake haionekani. Ukipunguza, aga inatokeza sehemu nyingine, na buu akifika hapo anabadili mwendo. Tumia uji mpya, kwani ukikaa hamira huanza kuumuka na mapovu yanakata alama ya njia. Mwoshe buu kwa maji, mkaushe kwa kumgusisha karatasi laini, mweke katikati kwa brashi, funika, na baada ya dakika 5 chora njia juu ya mfuniko kwa kalamu ya wino usiofutika. Kwenye aga tupu alama ni hafifu, chora huku anatambaa. Hapo ndipo kuosha kunapoonyesha faida yake: buu aliyebeba mabaki ya hamira anaacha chakula njiani, na aga yako si tupu tena.

---

Kromosomu_ya_Pili alijibu:

Nakubaliana na KijitiChaAga. Naongeza upande wa jeni, maana hata kipimo kikiwa safi, mpango wenyewe una shimo.

Koo mbili zilizoanzishwa na majike wawili tofauti zinatofautiana mahali maelfu kwenye DNA. Ukipima mabuu 40 au 4,000, unachojua ni kwamba koo hizi mbili si sawa. Hujajua ni kwa sababu ya foraging. Vilevile mabuu 40 wa chupa moja si vipimo 40 huru, kwa sababu wamekula chakula kimoja na kukulia unyevu mmoja. Hesabu chupa kama kipimo. Chukua chupa 6 au zaidi kwa kila ukoo, mabuu 8 hadi 10 kwa chupa, siku tofauti, A na B zikipishana siku hiyohiyo. Mtu mwingine azipe chupa namba ili anayechora asijue ni ukoo gani.

Kisha fanya misalaba, yaani pandisha ukoo mmoja kwa mwingine. Foraging iko kromosomu ya 2, mkono wa kushoto, eneo la 24A, na aleli (toleo la jeni) ya mzururaji inatawala ile ya mkaaji. Anza na F1, yaani watoto wa kizazi cha kwanza, kwa pande zote mbili: jike A kwa dume B, na jike B kwa dume A. Pande zote zikitoa wazururaji, inaendana na foraging. Wana wa kiume wakifuata mama zao, angalia kromosomu ya X. Watoto wote, wa kike na wa kiume, wakifuata mama, fikiria athari za mama au Wolbachia, bakteria wanaorithiwa kutoka kwa mama.

Hatua ya pili, agiza aleli zinazojulikana, forR (ya mzururaji) na forS2 (ya mkaaji), kutoka benki ya nzi ya Bloomington kule Indiana au kwa maabara inayozitunza. Nasisitiza forS2, si forS ya asili. forS2 ni badiliko lililotengenezwa ndani ya ukoo wa mzururaji, kwa hiyo forR na forS2 wana mazingira ya jeni yanayofanana na hutofautiana hasa kwenye foraging. Hao ndio wa kupimia usahihi wa sahani zako. Wakitofautiana kwenye hamira na kulingana kwenye aga, mkono wako uko sawa.

Halafu vusha ukoo B kwa forS2, na B kwa forR. B akiwa mkaaji kwa sababu ya foraging, watoto wa forS2 wanabaki wakaaji na watoto wa forR wanakuwa wazururaji. Watoto wa misalaba yote miwili wakizurura, mwendo mzito wa B unatoka kwenye jeni nyingine iliyofichika, na foraging yake ni nzima. Wote wakitambaa polepole hata mbele ya forR, B ana kitu kinachotawala mahali pengine. Fanya hivyohivyo kwa A. Misalaba minne hii inakuambia mengi kuliko mabuu elfu wa koo zenyewe.

---

Bundo:

Asanteni sana wakuu. Nimepima urefu wa mwili kama mlivyoshauri: B ni wafupi kweli, na kwenye aga tofauti imepungua sana baada ya kugawanya, ingawa haijaisha. Nauliza kuhusu kurudishia: nikimvusha A kwa B kisha kurudi kwa B vizazi 6, nikichagua foraging ya A kila mara, je, kitakachobaki cha A ni foraging pekee?

---

Kromosomu_ya_Pili:

Hapana, na hili linawapoteza wengi. Baada ya kurudishia mara 6, sehemu zisizofungamana na foraging zimebaki kwa wastani 1/64, yaani karibu asilimia 1.6. Hapo ni vizuri. Lakini kipande kinachoizunguka foraging kinakatika polepole. Kwa makadirio ya haraka, gawanya 100 kwa idadi ya vizazi: vizazi 6 vinakuacha na takriban sentimogani 17 (kipimo cha umbali kwenye kromosomu) kila upande. Foraging iko karibu na ncha ya mkono wa kushoto, kwa hiyo upande wa ncha huenda usikatike kabisa. Jeni zilizomo kwenye kipande hicho ni mamia.

Jambo la pili ni kwamba dume wa drosofila habadilishani vipande vya kromosomu anapotengeneza mbegu. Ukipitisha foraging ya A kupitia dume, kizazi hicho hakikukata chochote kwenye kromosomu ya 2. Kila kizazi mzazi anayebeba nakala mbili tofauti awe jike, tena bikira akusanywe ndani ya saa 8 baada ya kutoka kwenye pupa kwa nyuzi 25. Tafuta alama za DNA zinazotofautisha A na B, moja ndani ya foraging na nyingine pande zake mbili, na uchague kwa PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA ili kukisoma) majike waliokatika karibu.

Udhaifu huohuo wa dume una faida ukitaka kujua kromosomu gani inabeba tofauti. Kwa balansa (kromosomu maalumu zinazozuia kubadilishana vipande), CyO kwa kromosomu ya 2 na TM3 au TM6B kwa ya 3, unaweza kujenga nzi wenye ya 2 kutoka A na ya 3 kutoka B, na kinyume chake. Ile tofauti iliyobaki kwenye aga ikifuata ya 3 na tofauti ya hamira ikifuata ya 2, umeshatenganisha mambo mawili. Usiishie hapo lakini: kromosomu ya 2 ni zaidi ya theluthi ya jenomu.

---

Hamira_Kavu alijibu:

Kuhusu ushahidi wa mwisho. Mwaka 1997 ilionyeshwa kwamba foraging ni jeni ya kimeng'enya kinasi kinachowashwa na cGMP (molekuli ya ishara ndani ya seli), PKG kwa kifupi. Wakaaji wana utendaji mdogo wa kimeng'enya hicho, na walipoongezewa nakala ya jeni walitambaa kama wazururaji. Huo ndio ushahidi wa kufuata: rudisha jeni, tabia irudi.

Ukitumia GAL4 na UAS (vipande viwili vya DNA vinavyowasha jeni unayoitaka vikikutana kwenye nzi mmoja), linganisha na makundi mawili: wenye GAL4 bila UAS, na wenye UAS bila GAL4, wote wakiwa kwenye mazingira yaleyale ya jeni. Kumbuka vipachiko vingi (DNA iliyopachikwa ndani ya nzi) hubeba jeni ya rangi ya macho, white, na hiyo peke yake inagusa tabia za nzi wazima. Na foraging ina promota nne (sehemu za DNA zinazoanzisha kusomwa kwa jeni) na nakala nyingi za RNA, hivyo RNAi (njia ya kunyamazisha jeni) inayolenga kipande cha nakala chache inaweza kukuonyesha "hakuna athari" wakati jeni inafanya kazi kamili kwingine.

Neno "jeni ya uzururaji" mimi nalikataa. PKG ni kimeng'enya kinachofanya kazi kwenye tishu nyingi. Aleli inasogeza kiwango chake kidogo, na chakula, njaa na msongamano vinaamua kama utaiona tofauti hiyo.

---

MaktabaYaWadudu alijibu:

Jamani, mmeshahakikisha A na B ni spishi moja? Nzi wa kwenye ndizi Afrika Mashariki wanaweza kuwa Drosophila melanogaster au Drosophila simulans, na majike wao hawatofautishiki kwa urahisi. Tazama dume kwa nyuma, chini ya hadubini: simulans ana upinde mkubwa wa uzazi wenye umbo la kombe, melanogaster ana mdogo kama ndoano. Tazama madume 5 wa kila ukoo.

Mseto nao utakuambia. Jike wa melanogaster kwa dume wa simulans hutoa mabinti tu, na ni tasa. Upande wa pili hutoa hasa wana wa kiume.

Na wakiwa wote melanogaster, angalia pia majike wanaogoma. Majike wa baadhi ya koo za Zimbabwe na maeneo ya jirani huwakataa madume wa koo za kawaida za maabara kama Canton-S. Msalaba wa jike wako wa mwituni kwa dume wa forS2 ukikosa mayai yenye mbegu, usiseme ni utasa. Geuza msalaba: jike wa forS2 kwa dume wa mwituni, majike 10 kwa madume 15 chupa moja, siku 3 hadi 4. Itakubidi umvushe kwa upande huohuo na A pia, la sivyo utakuwa unalinganisha mama wa aina mbili.