Mpwa wangu kiziwi anajua maneno ya Kiingereza, ila sentensi anaipindua. Nimsaidieje?

Mjomba_Fundi
Wakuu, habari za jioni. Nina mpwa wangu yuko kidato cha pili. Alipoteza usikivu akiwa na miaka minne, homa ya uti wa mgongo. Msingi alisoma kwa Kiswahili na lugha ya alama, akaenda vizuri tu. Sekondari kila kitu Kiingereza, na upimaji wa taifa huo unakuja.

Juzi nikaandika "The goat was chased by the dog", nikamwambia achore. Goat anaijua, dog anaijua, chase anaijua, kila moja alinionyesha alama yake. Akachora mbuzi mwenye pembe anamtimua mbwa, tena mbwa ulimi nje! Nikajua ananitania. Nikaandika "The ugali was eaten by the boy", hiyo akapatia. Nikamletea "The thief who saw the dog fell into the river". Nani katumbukia mtoni? Mbwa.

Mwalimu wake anasema hana juhudi. Mimi ni fundi friji, Kiingereza changu chenyewe cha kubabaisha. Nianzie wapi?

Bwana Kikwangua
Mnyang'anye simu kwanza. Halafu mfundisheni kusoma midomo, hizo alama zinamlemaza.

SautiYaMkono
Bwana Kikwangua, simama mbele ya kioo useme "baba", "mama", "papa" bila kutoa sauti. Ukiona tofauti uje utuambie.

Mjomba, mimi ni kiziwi, nimepita hukohuko. Hakutanii. Tunaanza kushika maneno yenye picha: mbuzi, kimbiza, mbwa. Hivyo vijineno "was" na "by" havina picha, wala kwenye alama hatuvitumii hivyo. Sisi unaweka mbuzi upande huu, mbwa upande ule, mkono wenyewe unaonyesha nani yuko nyuma ya nani. Kwenye karatasi mkono haupo, basi aliyetajwa kwanza anakuwa mtenda. Ugali alipatia kwa sababu ugali hauli mtu, si kwa sababu aliisoma ile sentensi.

Mimi nilikwama kwenye "look after". "The girl looks after her grandmother", nikaandika kwamba msichana anamtazama bibi yake baadaye, kumbe anamtunza. Mwalimu akawasomea darasa zima. Nilikuwa na miaka 16, mpaka leo nakumbuka rangi ya shati lake.

Mwl_Chaki
Pole dada. Nafundisha viziwi mwaka wa 11 huu.

Mjomba, hicho ulichokiona kwenye daftari kilishapimwa zamani. Miaka ya 1970 Stephen Quigley na wenzake, Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwapima wanafunzi viziwi wa miaka 10 hadi 18 wakakuta makosa yaleyale: mtendwa anageuzwa mtenda, na kwenye sentensi yenye "who" nomino iliyo jirani na kitenzi ndiyo inapewa kitendo. "The dog fell" imekaa palepale katikati ya sentensi yako, yeye kaisoma kama ilivyokaa. Huo si uvivu, ana kanuni yake na anaifuata.

Wala macho hayana tatizo. Mwaka 2012 Nathalie Bélanger na wenzake walionyesha kwamba viziwi wanaosoma Kiingereza vizuri hunasa herufi nyingi zaidi kwa mtupo mmoja wa jicho kuliko wanaosikia. Na kuhusu alama kulemaza, Bwana Kikwangua, Rachel Mayberry na wenzake mwaka 2011 walikusanya tafiti 57. Kujua sauti za maneno kulieleza asilimia 11 tu ya tofauti kati ya viziwi wanaosoma vizuri na wasiosoma. Umahiri wa lugha kwa ujumla, ukiwemo wa alama, asilimia 35. Kwa hiyo jifunze alama na wewe, usimwachie mama yake peke yake. CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, waulize mafunzo.

Kwa leo, chukua visoda viwili, kimoja mbuzi, kimoja mbwa. Anza na Kiswahili: "Mbuzi alifukuzwa na mbwa." Avisogeze. Akipatia, una daraja, maana ile "w" ya "alifukuzwa" kaiona. Akikosea, Kiingereza kiweke kando kwanza. Na usimpe sentensi za ugali, hizo zinakudanganya wewe. Mpe zile ambazo yeyote anaweza kumfanyia mwenzake: mama na mtoto, polisi na mwizi.

Bwana Kikwangua
Nimesimama kwenye kioo. Sawa, dada.

Mjomba_Fundi
Nimerudi. Ya Kiswahili kapatia mara nne mfululizo, kidole kaweka kwenye "w" kabisa. Nikamwandikia ya Kiingereza chini yake, visoda vikagoma tena. Halafu akachukua kalamu, akaandika "The goat was tired", akazungushia "was", akanitazama. Yaani hapa "was" ipo, na mbuzi hakufanywa kitu na mtu. Nikakosa jibu, nikamwambia tule kwanza.

SautiYaMkono
Hahaha, huyo mtoto ana akili. Mwambie "was" peke yake asiiamini. Aitafute ikifuatiwa na kitenzi kama "chased", kisha "by", avizungushie vyote vitatu kwa rangi moja.

Mwl_Chaki
Na kesho mwandikie "The goat was chased by the river", hapo "by" ni kando ya, uone kama mto utakimbia.

Mjomba_Fundi
Mwalimu, hiyo hata mimi imenipiga chenga. Ngoja nitafute kisoda cha tatu.