Kivuli kwenye eksirei ya shingo: ni mwiba wa samaki au ni gegedu?

Tabibu, Ukerewe

Wakubwa zangu, heshima kwenu. Huku visiwani kukwamwa na mwiba si jambo geni, lakini mgonjwa niliye naye sasa amenitatiza. Ni mama wa makamo aliyechomwa kooni upande wa kulia akila sato, akameza matonge makubwa ya ugali kama wengi wafanyavyo, na maumivu hayajaisha. Kwa kumtazama kinywani sikuona kitu. Eksirei ya shingo iliyopigwa kwa ubavu inaonyesha kipande kidogo chenye umbo la yai, kati ya mfupa wa haioidi (ule mdogo ulio chini ya ulimi) na zoloto, yaani kisanduku cha sauti. Je, huo ndio mwiba? Na kama siyo, kimfupa hicho kimetoka wapi?

Mwalimu wa anatomia, Mwanza

Ndugu tabibu, kwa maelezo yako naelekea kuamini kwamba hilo ni gegedu (mfupa laini) la tritisea lililoingiwa na kalisi, yaani chokaa ya mifupa. Kutoka ncha ya pembe ya juu ya gegedu la thiroidi, lile kubwa la mbele ya zoloto, hadi ncha ya pembe kubwa ya haioidi hupita kano, na ndani ya kano hiyo watu wengi, ingawa si wote, wana gegedu hilo dogo mfano wa punje ya ngano. Wengine wanalo upande mmoja tu. Ni umbile la kawaida wala si ugonjwa.

Asili ya sehemu hizi ni jambo ninalotamani lifundishwe kwa kina zaidi. Katika wiki ya nne ya kiinitete huanza kujitokeza matao ya koromeo, na kila tao hupata ufito wake wa gegedu. Gegedu la tao la kwanza, liitwalo la Meckel, hutoa nyundo na fuawe za sikio la kati. La pili, la Reichert, hutoa kikuku cha sikio hilo hilo, mchomozo wa stiloidi ulio chini ya fuvu, kano inayoshuka kutoka hapo, na pembe ndogo ya haioidi. Tao la tatu hutoa pembe kubwa, na la nne pamoja na la sita hutoa magegedu ya zoloto. Kwa hiyo kutoka kitako cha fuvu hadi zoloto kuna mfululizo mmoja ambao sehemu zake nyingine huwa mfupa, nyingine hubaki kano, na mpaka kati ya hali hizo mbili hutofautiana baina ya mtu na mtu.

Mwanafunzi wa mionzi

Naomba kuongezea kwamba mwiba kwa kawaida huonekana kama mstari mwembamba wenye ncha, ilhali tritisea ina kingo laini na hukaa kwenye njia ya kano aliyoitaja mwalimu. Tazama pia sehemu ya nyuma ya gegedu la krikoidi, lile la chini ya zoloto lenye umbo la pete, kwa sababu ikianza kugeuka mfupa hudhaniwa kuwa kitu kilichonasa mwanzoni mwa umio, yaani njia ya chakula. Kidakatonge, kile kifuniko cha zoloto, hakitakusumbua, kwani gegedu lake ni la aina nyingine, ambalo kwa kawaida haligeuki mfupa.

Daktari wa masikio, pua na koo

Nakubaliana na wenzangu kuhusu kivuli, lakini nasisitiza kwamba kukitambua kivuli hakumwondolei mama huyu uwezekano wa kuwa na mwiba. Miiba mingi haionekani kwenye eksirei ya kawaida, na hupenda kunasa kwenye tonsili au kwenye shina la ulimi. Maumivu ya upande mmoja yasiyopungua yanatosha kumpa rufaa, achunguzwe kwa kamera na, ikibidi, kwa kipimo cha CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili vipande vipande), kwa maana mwiba uliotoboa umio huweza kuleta usaha shingoni au kifuani. Matonge ya ugali tuwakataze kabisa, kwani yanaweza kuuzamisha zaidi.

Mwiba usipopatikana na maumivu yakaendelea kwa miezi, papasa kwa kidole mahali pa tonsili, kwani stiloidi ikiwa ndefu huweza kuguswa hapo. Mwaka 1937 daktari Mmarekani Watt Eagle alieleza maumivu ya koo na sikio yanayoletwa na stiloidi ndefu. Urefu wake wa kawaida ni kama sentimita 2.5. Wengi wenye stiloidi ndefu hawaumwi chochote, kwa hiyo urefu peke yake hautoshi kuwa jibu.

Tabibu, Ukerewe

Nashukuru sana. Nimeirudia picha, na kipande kimekaa juu tu ya ncha ya pembe ya thiroidi, kingo zake laini. Mama bado anaumia anapomeza, hivyo atavuka kwa kivuko cha kesho kwenda Mwanza, na kwenye barua ya rufaa nimeandika kwamba kivuli ni cha gegedu na mwiba bado unatafutwa.