Mnaosema insulini ndiyo inaleta njaa, tukutane hapa

Wadau, siku hizi kila kona ni wimbo huohuo: wanga unapandisha insulini (homoni inayoshusha sukari kwenye damu), insulini inaleta njaa na kitambi, kwa hiyo ugali marufuku. Mimi napinga hapo kwenye njaa. Insulini ikifika kwenye ubongo, kazi yake ni kuituliza njaa.

Mwaka 1979 watafiti Woods, Porte na wenzao huko Marekani waliwatilia nyani insulini kidogo kidogo ndani ya ubongo. Nyani wakapunguza kula, wakapungua na uzito. Mwaka 2000 wakaja panya waliozalishwa bila vipokezi vya insulini kwenye ubongo, yaani ubongo wao hauisikii, hao wakanenepa. Yaani insulini ni mjumbe anayekwenda kuuambia ubongo kwamba akiba ipo, inatosha.

Chukueni kiazi mviringo cha kuchemsha. Insulini kinaipandisha kwelikweli. Lakini Sydney, Australia, mwaka 1995, walipolinganisha vyakula 38, kila kimoja kwa kiasi cha kalori 240, kiazi hicho ndicho kilichoshibisha kuliko vyote, zaidi ya mara tatu ya mkate mweupe. Mwaka 2021 mtafiti wa lishe Kevin Hall aliwaacha watu 20 wale hadi watosheke: wiki mbili wanga mwingi na mafuta kidogo, wiki mbili kinyume chake. Kwenye wanga insulini ilikuwa juu zaidi, na bado walikula pungufu ya kalori karibu 700 kwa siku.

Sasa shangazi yangu, ana kisukari. Jumapili alisukuma kando ugali wa dona, dagaa hata hakuwagusa. “Wanga huo, mwanangu.” Akajimiminia juisi ya boksi, bilauri mbili, akiwa na amani kabisa. Iliniuma. Juisi hiyo ni sukari, na sukari, kama hii ya mezani, nusu yake ni glukosi na nusu ni fruktosi, na fruktosi haiiamshi insulini kama glukosi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walipopiga picha za ubongo mwaka 2013, glukosi ilituliza haipothalamasi, sehemu inayosimamia njaa, na watu wakajisikia kushiba. Fruktosi haikufanya hivyo.

Mafuta nayo hayafanani. Asidi ya palmitiki, iliyojaa kwenye mawese, imeonekana kwa panya kuufanya ubongo usiisikie insulini. Asidi ya oleiki, ya zeituni na parachichi, haikuleta shida hiyo. Ni panya, nakubali. Ila Tübingen, Ujerumani, vijana wa kiume wenye afya waliongezewa chokoleti na krispi kwa siku 5 tu, na wiki moja baada ya kuacha ubongo wao ulikuwa bado hauipokei insulini kama kawaida.

NYONGEZA: Kuna aliyeuliza, “Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari ajilie tu ugali?” Hapana, ndugu yangu. Kwake kipimo cha wanga lazima kiangaliwe, na dawa asiache. Ninachokataa ni kumnyima mtu matonge mawili ya dona na maharage huku soda na chipsi za jioni zinapita bila kuulizwa.

Mnaopinga, anzeni na kiazi: kama insulini ndiyo njaa, kwa nini kinashibisha hivyo?