Fundi wa magari anaweza kuwa msuluhishi wa kesi za magari mabovu?

Fundi_Mwanjelwa:
Wakuu habari za jioni. Nina gereji hapa Mwanjelwa, Mbeya. Siku hizi nimegeuka balozi wa nyumba kumi. Mtu kanunua IST au Noah yadi Dar, kufika mlima wa Kitonga limechemsha. Muuzaji anasema hukuangalia maji, mnunuzi anasema umeniuzia mkweche, halafu wote wananitazama mimi.

Juzi mwalimu mmoja wa Mbalizi kaleta lake. Nimefungua kifuniko cha oili, ndani utando mzito rangi ya chai ya maziwa. Nikasema maji yamechanganyika na oili, gasketi ya silinda hedi inayovitenganisha imekwenda, gari limeuzwa bovu. Muuzaji kwenye simu akanijibu, "Wewe fundi, si hakimu." Sasa nikitaka kuwa msuluhishi anayetambulika kisheria naanzia wapi? Nina kidato cha nne na cheti cha ufundi cha VETA.

Mzee_wa_Mafinga:
Kijana, uanasheria si lazima. Sheria ya Usuluhishi ya 2020 inawaachia wenye mgogoro wakubaliane msuluhishi wao awe mtu wa sifa gani. Kwenye migogoro ya ujenzi wahandisi wanaifanya kazi hii siku nyingi. Ila zipo kanuni za 2021 za kuwasajili wapatanishi na wasuluhishi, chini ya Wizara ya Katiba na Sheria. Zisome masharti ya elimu kabla hujalipia kozi yoyote, maana watu wanapenda sana vyeti vya kutundika ukutani.

Nije kwenye oili yako. Gari la mwalimu linakwenda shuleni na kurudi, mwendo mfupi, kwenye baridi ya Mbeya. Injini haipati moto wa kutosha, unyevu unaganda pale juu kwenye kifuniko, unapata utando uleule na gasketi ni nzima. Chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, uone oili ya chini ikoje. Pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Pima kama moshi wa injini unaingia kwenye maji ya rejeta. Na hata ukithibitisha gasketi imekufa, bado hujajibu swali la kesi: ilikufa yadi, au ilikufa baada ya mtu kupanda Kitonga huku mshale wa joto umegota juu?

Tena ulifungua peke yako. Msuluhishi hafanyi hivyo. Muuzaji aone, fundi wake aone, kila mtu aseme lake, ndipo uandike tuzo, yaani uamuzi wako, yenye sababu. Mimi ningekushauri uanze kama shahidi mtaalamu. Jifunze kuandika ripoti: namba ya chesisi, kilomita, picha, ulichopima na kilichosoma.

Wakili_Iringa:
Naongezea kikwazo kimoja. Usuluhishi unasimama juu ya makubaliano. Mnunuzi wa yadi anaondoka na risiti na kadi ya gari, kifungu cha usuluhishi hakipo, na muuzaji akigoma huwezi kumburuta mbele yako. Huyo mwalimu apeleke malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, kwa Sheria ya Ushindani ya 2003, au aende mahakamani.

Marekani wana sheria maalumu za magari mabovu, Connecticut ilianza 1982, na kuna mipango ya usuluhishi kama BBB AUTO LINE. Lakini kule kesi nyingi ni za gari jipya lenye waranti ya kiwanda. Hapa tunabishania gari lililokwishazeeka Japani.

Dalali_Soweto:
Na malipo ya huyo msuluhishi anatoa nani? IST ya milioni 12, mgogoro wa gasketi, halafu nikalipie kikao? Bora nimrudishie nusu ya matengenezo yaishe.

Mzee_wa_Mafinga:
Dalali, ukimrudishia umeshasuluhishwa bure. Kwa kawaida pande zote huchangia, ndiyo maana kwa vigari vidogo watu hupatana mapema. Kazi ya kweli itakuja na Fuso na malori ya Tunduma, wanakosaini mikataba.

Fundi_Mwanjelwa:
Shikamoo mzee, nimekupata. Nitawaita wote wawili tupime upya. Swali la mwisho: yule muuzaji mwaka jana nilimfungia injini kwenye gari lake, akanilipa vizuri. Na hilo nitaje?

Mzee_wa_Mafinga:
Marahaba. Hilo ndilo la kutaja kwanza, kwa maandishi, kabla hujashika spana. Mwalimu akisema hakutaki, usinune.