Fomu 1099-K imekuja na fedha nyingi kuliko zilizoingia benki: nijaze vipi?

MamaKikoi

Ndugu wanajukwaa, hamjambo. Ninaishi Lowell, Massachusetts, na ninauza vikoi, kanga na vikapu vya ukindu kupitia tovuti yangu ndogo pamoja na soko moja kubwa la mtandaoni. Mzigo huandaliwa na binamu yangu aliyeko Mombasa, ambaye huukusanya kwa mafundi na wenye maduka, akaufunga na kunitumia kwa ndege.

Nimepokea fomu mbili za 1099-K, zile zinazoripoti malipo aliyopokea muuzaji, za mwaka 2025. Ya kwanza imetoka kwa kampuni inayochakata malipo ya kadi kwenye tovuti yangu, na katika kisanduku 1a imeandikwa dola 14,860. Nimepitia taarifa za benki mwezi baada ya mwezi, na fedha zilizoingia kutoka kwa kampuni hiyo ni dola 13,560 tu. Fomu ya pili, ya lile soko la mtandaoni, inaonyesha dola 940, na hiyo ndiyo inayonishangaza zaidi, kwa sababu shoga yangu anayeishi Columbus, Ohio, ameuza kuliko mimi katika soko hilo hilo na hakuletewa fomu yoyote.

Lipo na jambo la tatu. Akina mama wa hapa tuna mchezo wa kupeana fedha, nami ndiye mshika hazina, hivyo michango yote hupitia programu ya malipo ya simu yenye jina langu. Hivi karibuni nimegundua kwamba mwenzetu mmoja kila akituma mchango hubonyeza sehemu ya kulipia bidhaa. Je, IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wataihesabu michango hiyo kuwa mapato yangu? Naomba ufafanuzi wa mwenye ujuzi. Nawasilisha.

Bin_Shamte

Dada yangu, usijitie presha. Andika zile 13,560 zilizoingia benki, kwa kuwa huwezi kutozwa kodi ya fedha ambazo hukuzishika. Hiyo ya dola 940 iweke kando kabisa. Sheria iliyotiwa saini mwezi Julai 2025 imerudisha kiwango cha dola 20,000, na aliye chini ya hapo hana la kuripoti.

Mhasibu_Worcester

Mleta mada, nitaanza na ushauri wa ndugu Bin_Shamte, kwa sababu wengi wanaufuata na unaweza kukuletea barua usiyoitaka.

Kiwango cha dola 20,000 kinaihusu kampuni, hakimhusu muuzaji. Kinaeleza ni lini mtandao wa malipo (kama soko la mtandaoni au programu ya simu) unalazimika kutuma fomu kwako na kwa IRS. Wajibu wa muuzaji unatokana na sheria nyingine kabisa, inayosema kwamba mapato ya biashara yanatajwa yote, yawe yameandikiwa fomu au hayakuandikiwa. Kwa hiyo hata shoga yako wa Columbus, ambaye hakuletewa karatasi, anatakiwa kuyaingiza mauzo yake katika ritani yake, yaani taarifa ya kodi ya mwaka. Na ukishapata faida halisi ya dola 400 au zaidi katika kazi ya kujiajiri, ni lazima ujaze ritani hata kama mapato yako mengine ni madogo.

Sasa tofauti ya dola 1,300. Sheria inaitaka kampuni iripoti jumla ghafi ya malipo, yaani kila senti ambayo wateja walilipa, kabla ya kuondoa ada za kampuni, kabla ya kuondoa fedha ulizowarudishia wateja, na kabla ya kuondoa gharama za usafirishaji. Fomu hiyo haisemi ulipata nini. Inasema ni fedha kiasi gani zilipita. Ingia katika akaunti yako ya muuzaji, pakua taarifa ya mwaka mzima, na tofauti yote utaiona imegawanyika katika sehemu mbili: marejesho kwa wateja na makato ya kuchakata. Ikiwa unakatwa asilimia 2.9 na senti 30 kwa kila muamala, kama wanavyotoza wengi, na ulikuwa na miamala kama 300, makato pekee yanakaribia dola 520. Zinazobaki, kama dola 780, bila shaka ni bidhaa zilizorudishwa. Vilevile linganisha visanduku 5a hadi 5l, vinavyoonyesha mwezi mmoja mmoja, na taarifa hiyo. Kosa likiwepo, hapo ndipo litakapojitokeza upesi.

Ukiandika 13,560 kodi yako inaweza kutoka sawasawa na anayeandika 14,860 kisha akatoa 1,300. Tatizo ni kwamba kompyuta za IRS zinalinganisha fomu walizopelekewa na mstari wa mapato ghafi katika ritani yako. Zikiona pungufu, hutolewa barua iitwayo CP2000, inayopendekeza kodi ya ziada pamoja na riba, na mara nyingine adhabu ya asilimia 20 ya kodi iliyopungua. Unaweza kuijibu na ukashinda, lakini kwa nini ujitafutie kazi hiyo?

Kwa hiyo utajaza Schedule C, ile fomu ya hesabu za biashara ndani ya ritani, hivi. Mstari wa 1 uandike jumla ya fomu zote mbili, dola 15,800, ukiongeza na mauzo ya taslimu kama uliwahi kuuza kwenye bazaa au kanisani. Mstari wa 2 uondoe marejesho ya wateja, 780, zibaki 15,020. Gharama ya mzigo uliouzwa huhesabiwa katika sehemu ya tatu ya fomu. Tuseme ununuzi, usafiri wa ndege kutoka Mombasa na ushuru wa forodha vimefika 8,300, zitabaki 6,720. Ada za kampuni zote mbili huingia mstari wa 10, tuseme 620. Ukiondoa na posta ya kuwatumia wateja wa hapa, tuseme 2,100, faida halisi ni dola 4,000. Kodi ya waliojiajiri ni asilimia 15.3 ya sehemu ya 92.35 katika kila 100 ya faida hiyo, yaani kama dola 565, na nusu yake inapunguzwa katika mapato yako unapokokotoa kodi ya mapato. Ona jinsi safari ilivyo ndefu kutoka 15,800 hadi 4,000. Wanaoiogopa fomu hii kwa kawaida wameutazama mwanzo wa safari peke yake.

Kwenye ushuru wa forodha uwe mwangalifu: tangu tarehe 29 Agosti 2025 ule msamaha wa vifurushi visivyozidi dola 800 umeondolewa, basi bila shaka miezi ya mwisho ya mwaka ulitozwa. Zitafute risiti hizo, ni sehemu ya gharama ya mzigo.

Bin_Shamte

Nimekuelewa, mhasibu, lakini bado hujaeleza kwa nini huyu wa Lowell apate fomu ya dola 940 na yule wa Columbus asipate. Sheria ni ya nchi moja.

Mhasibu_Worcester

Sheria ya shirikisho ni moja, lakini majimbo yana zao. Massachusetts inazitaka kampuni zitume fomu kuanzia dola 600, bila kujali idadi ya miamala. Maryland, Virginia na Vermont nazo zina kiwango hicho hicho. Ohio inafuata kiwango cha shirikisho. Soko la mtandaoni linaangalia anwani iliyo katika akaunti yako.

Mkanganyiko huu pia una historia yake. Sharti la kuripoti liliwekwa na Bunge la Marekani mwaka 2008 na likaanza kutumika kwa malipo ya mwaka 2011. Mitandao ya malipo ilitakiwa kuripoti muuzaji anayevuka dola 20,000 na miamala 200, yote mawili kwa pamoja. Mwaka 2021 Bunge lilishusha kiwango hadi dola 600 bila idadi ya miamala, lakini IRS ikaahirisha utekelezaji mwaka wa kwanza, ikaahirisha tena wa pili, kisha kwa mwaka 2024 ikaweka kiwango cha mpito cha dola 5,000. Ilikuwa imepangwa kushuka hadi 2,500 kwa mwaka 2025, na ndipo sheria ya tarehe 4 Julai 2025 ikafuta hayo yote na kurudisha 20,000 na miamala 200, kana kwamba badiliko la 2021 halikuwahi kutungwa. Binafsi naona kuahirisha mara kwa mara kumewafundisha wauzaji wadogo tabia mbaya ya kuhesabu wajibu wao kwa fomu badala ya kwa daftari.

Kumbuka pia kwamba viwango hivyo ni vya mitandao ya malipo kati ya muuzaji na mnunuzi. Malipo ya kadi yanayopitia akaunti ya mfanyabiashara iliyofunguliwa moja kwa moja kwa benki ya kuchakata hayana kiwango cha chini. Hata dola 50 huripotiwa.

Ukindu_Silver_Spring

Naongeza kuhusu mchezo, kwa kuwa hata sisi tuna chama chetu huku Maryland. Mchango wa upatu, wa harusi au wa msiba si malipo ya bidhaa wala huduma, na haupaswi kuingia katika 1099-K. Kampuni za programu hutofautisha kwa kile kitufe anachobonyeza mtumaji: akichagua ndugu na marafiki haihesabiwi, akichagua bidhaa inahesabiwa, na kampuni inakata ada juu yake. Kwa hiyo mwambieni mwenzenu aache mara moja. Mshika hazina naye asiuchanganye mchezo na akaunti ya duka. Fungua akaunti ya pili, na weka daftari la nani alitoa na nani alipokea mwezi gani, liwe na sahihi za wote.

Jambo jingine ambalo sisi wa Afrika Mashariki hukumbana nalo ni majina matatu. Ukifungua akaunti ya muuzaji kwa jina la baba mwisho, ilhali kadi ya Social Security imeandikwa jina la babu au la mume, jina na namba havitalingana. Kampuni isipopata namba sahihi baada ya kukuandikia, inalazimika kuzuia asilimia 24 ya mauzo yako na kuipeleka IRS. Angalia kisanduku cha 4 cha fomu yako. Kikiwa na kiasi chochote, fedha hizo ni zako na utazidai katika ritani, lakini ukizikosa katikati ya msimu wa biashara utaumia.

MamaKikoi

Ahsanteni sana, nimepata mwanga. Kisanduku cha 4 kiko wazi, alhamdulillahi. Swali la mwisho kwa mhasibu: katika mauzo hayo, baadhi ya vikapu si vyangu. Binamu hunitumia, nikiviuza namtumia fedha zake, nami nabaki na asilimia 15. Je, niviandike vyote kuwa mauzo yangu, au niandike ile asilimia 15 tu?

Mhasibu_Worcester

Fomu ina jina lako, kwa hiyo mstari wa 1 lazima uibebe jumla yote. Baada ya hapo, ulichompelekea binamu unakitoa kama gharama, ukiwa na makubaliano ya maandishi yanayosema vikapu ni vyake, orodha ya vilivyouzwa na bei yake, na risiti za kila uhamisho wa fedha. Ujumbe wa simu unaosema "nimekutumia" hautoshi.

Hata hivyo, ningependa muubadilishe utaratibu. Mtu aliye nje anayeuza mali yake ndani ya Marekani kupitia wakala aliye hapa anaibua maswali ya kodi kwa upande wake pia, na hayafai kujibiwa kwa kubahatisha. Ukivinunua vikapu kwa ankara yenye tarehe na bei, vinakuwa mali yako, bei hiyo inaingia katika gharama ya mzigo, na binamu anabaki kuwa muuzaji wa Mombasa anayemalizana na KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kwa mauzo yake. Faida yako haitabadilika sana, lakini hesabu itasomeka.

Ikiwa michango ya mchezo itakuja kuzaa fomu ya 1099-K, usiinyamazie. Mwandikie mtoaji wa fomu, ambaye jina na simu yake viko juu upande wa kushoto, umwombe aisahihishe. Usiwapigie IRS, kwani wao hawawezi kuibadilisha. Asiposahihisha kabla ya tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ritani, usisubiri. Juu ya Schedule 1, fomu nyingine ya nyongeza katika ritani, kuna nafasi ya kuandika kiasi kilichoripotiwa kimakosa katika 1099-K. Kiandike hapo, kisha uhifadhi daftari la mchezo pamoja na barua uliyoandika kwa miaka isiyopungua 3.