Mjadala: Profesa asiyerudi kijijini na matokeo, apandishwe cheo?

Mwanzisha mada
Assalaam alaykum. Mwani ulianza kulimwa kibiashara hapa Zanzibar, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na tangu hapo sijui kama kuna watu waliohojiwa na watafiti kuliko kina mama wanaoulima. Kipato, ndoa, maumivu ya mgongo, sasa joto la bahari. Maswali ya maana, sikatai. Lakini wangapi wamewahi kuletewa majibu?

Tusiwalaumu wahadhiri kwa tabia tu, tutazame ngazi yenyewe. Kutoka Mhadhiri hadi Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki, kisha Profesa, kinachobeba mtu ni makala kwenye majarida, mengi ya Kiingereza. Aliyekaa kijijini mwaka mzima akatoa makala moja anapitwa na mwenzake aliyechambua takwimu za sensa mezani akatoa tatu. Kikao cha mrejesho na wavuvi kinaingia fungu la "huduma kwa jamii", ambalo aghalabu halimpandishi mtu.

Rai yangu: mrejesho uwe sharti. Hukurudi, hupandi.

Wa Chake
Nani atashuhudia kwamba karudi? Barua ya sheha, kiongozi wa serikali kijijini? Sheha huteuliwa, hapigiwi kura. Profesa akiandika kuwa wanakijiji hawakuridhika na ardhi yao ya pwani kwenda hotelini, barua hiyo ataipata? Kibali cha kuanza utafiti tayari kinapita serikalini. Wewe unataka na cheo kipite huko huko. Tutapata maprofesa wanaotafiti visivyomuudhi mtu.

Mstaafu
Wa Chake kasema. Naongeza moja. Profesa Abdul Sheriff alifundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka mingi, baadaye akaja kufanya kazi ya makumbusho hapa, Beit al Ajaib, ambako mtoto wa skuli aliweza kuingia akajisomea historia yake. Kazi ya umma hasa! Ila keshakuwa profesa wakati huo. Kijana wa leo mwenye mkataba wa muda atathubutu kutumia miaka kwa kazi isiyohesabiwa? Mimi ningesema wenye uprofesa ndio walazimishwe kwanza, hao hawana cha kupoteza.

Msaidizi wa utafiti
Na sisi tunaobeba madodoso? Nyumba tunazijua sisi, Kipemba tunafasiri sisi, mama akigoma kujibu tunambembeleza sisi. Makala ikitoka, jina la mtu mmoja. Mrejesho mnaoudai nao tutatumwa sisi, posho ya siku moja.

Mwanzisha mada
Hoja ya sheha nzito, barua naiondoa. Badala yake: muhtasari wa Kiswahili, kurasa nne au tano, uwekwe wazi maktaba ya SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) kule Tunguu, na majina ya wasaidizi yawemo. Kamati ya vyeo iusome pamoja na makala. Ukipingana na makala, mtu aulizwe kwa nini wanakijiji wameambiwa vyengine. Ila Maalim Mstaafu, kuwaanzia maprofesa sikubali. Wengi wao hawaendi tena uwandani, wanatuma wanafunzi.

Wa Chake
Tunguu! Yaani mvuvi wa Konde, huku Pemba, apande boti aende Unguja kusoma aliyoyasema mwenyewe? Ripoti ya Konde ikae Konde, skuli au msikitini. Hapo nitakuunga mkono.