Maduka ya baiskeli: hela ya servisi mnachukua, spana ya torki hamna!

Wakuu, hili la kukaza bolti bila spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza na kulia ikifika kipimo, nimelivumilia vya kutosha.

Nimepeleka baiskeli ya mbio kwenye duka ambalo silitaji, kazi ni kubadilisha shingo ya usukani tu. Imerudi usukani wa kaboni una ufa, palepale kifuniko cha shingo kinapoubana. Fundi kakaza kwa spana ya L mpaka nguvu zikamwishia, halafu ananiambia, "Kaka, huo usukani ulishachoka." Haukuchoka, umepasuliwa! Kwenye shingo imeandikwa mwisho 5 Nm (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Namba ipo, haikusomwa.

Na 5 Nm ni kidogo sana, jamani. Shika spana sentimita 10 kutoka kwenye bolti, sukuma kwa nguvu ya kama kilo 5, umefika. Ukishika sentimita 20, kilo mbili na nusu zinatosha. Mtu mzima akiegemea spana anapitiliza mara mbili na hasikii chochote. Ndiyo maana hilo jibu la "mkono wangu una uzoefu" silikubali. Mkono huo umezoea Phoenix, chuma tupu. Ukikibana kupita kiasi kinabonyea kidogo na maisha yanaendelea. Kaboni inapasuka, na pengine inapasukia ndani usikoona, mpaka siku uko kwenye mteremko, usukani unakukatikia mikononi. Hapo tunazungumzia meno na shingo ya mtu.

Kinachoniudhi zaidi, fundi huyohuyo panapotakiwa nguvu analegeza. Mkono wa kushoto wa kranki za Shimano, ile mikono inayobeba pedeli, una bolti mbili zinazotaka 12 hadi 14 Nm kila moja. Akiziacha legelege, mkono unacheza, unakula meno ya ekseli, unanunua kranki nyingine. Pedeli zinataka 35 na kuendelea. Mkono gani unatofautisha 5, 13 na 35 kwa kubahatisha?

Kuna wanaoazima spana ya torki ya gereji ya magari. Nyingi zinaanzia 40 Nm! Utaipimia nini bolti ya 5? Wengine wanayo ya kufaa, lakini ikishalia "tak" wanaongeza tena "kwa usalama". Ikilia, acha! Na ile pasta yenye chembechembe, inayofanya bomba la siti la kaboni lishike bila kukazwa sana, hawana. Wanapaka grisi, siti inashuka, wanakaza tena, bomba linapasuka.

Msiniambie spana ni ghali. Duka linauza baiskeli za mamilioni, linashindwaje kununua kifaa kimoja cha kuzifungia?

Wenye maduka mliomo humu, jibuni: mnayo au hamnayo? Na mnaomjua fundi hapa Dar anayekaza kwa kipimo, wekeni eneo alipo ili wengine wasipasuliwe vifaa.